Ni Nani Aliyefunga Kisima Chetu?

Mwanajuma binti Yahaya aliamka kila siku kabla ya jogoo wake. Kazi yake ilikuwa vitumbua, na vitumbua havingoji jua. Alivipika nyumbani, akaviuza stesheni, abiria wa treni wakishuka na njaa zao. Mumewe, Mabruki, alikuwa fundi wa reli. Nyumba yao ilikuwa pembezoni mwa mji wa Tabora, njia ya kwenda Itetemia, karibu kabisa na kisima cha mtaa.

Kisima hicho kilikuwa cha zamani. Wazee walisema kilichimbwa siku za misafara, wapagazi walipokuwa wakitua mizigo yao pale wanywe maji. Mtaa mzima ulikitegemea.

Asubuhi moja, mwaka uliofuata Azimio la Arusha, Mwanajuma alifika na ndoo yake akakuta kisima kimefunikwa. Mbao nene zilikuwa zimepigiliwa misumari juu yake. Kando palikuwa na kibao: NI MARUFUKU KUCHOTA MAJI HAPA. OFISI YA MJI.

Mwanajuma alikuwa akisoma kisomo cha watu wazima. Aliyasoma maneno yale polepole, akayarudia. Hayakusema ni kwa nini.

Akazitazama mbao. Zilikuwa za mninga, zimepigwa randa vizuri, vichwa vya misumari vimezama ndani. Mtaa ule ulikuwa na seremala mmoja tu mwenye mkono wa namna hiyo. Ni Selemani, jirani yake, ambaye ua wake ulipakana na kisima.

Josepha, jirani mwingine, akafika na mtungi kichwani.

"Yesu wangu! Nani kafanya haya?"

"Tazama mbao, dada, halafu niambie wewe."

Josepha akainama, akazigusa. "Selemani? Anataka nini na kisima?"

"Mwezi uliopita nilimwona na bwana mmoja wa mjini. Wameshika kamba, wanapima. Walipofika karibu na ukuta wangu wakaniona, wakanyamaza. Selemani akainamisha uso. Mtu asiye na siri huinamisha uso kwa nini?"

"Anataka kupanua karakana yake," alisema Josepha.

"Umesema wewe," alijibu Mwanajuma.

Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa umekwisha kujua. Selemani amekula njama na watu wa mjini, amechukua kisima. Waliomwagiza vitanda wakaanza kumkwepa. Swaumu, mke wa Selemani, alipopita na kutoa salamu, Mwanajuma aligeuka akachochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri. Swaumu alisimama kidogo, kisha akaenda zake.

Maji sasa yalitekwa bondeni, njia ya Kwihara. Kwenda na kurudi, asubuhi nzima iliisha. Treni ilifika, abiria wakashuka, vitumbua hakuna.

"Mwulize Selemani mwenyewe," Mabruki alimwambia mkewe.

"Mwizi haulizwi kama kaiba."

"Basi nenda ofisi ya mji. Kisima ni cha mji, na mji una karani. Kila kinachoamuliwa anakiandika yeye."

"Na kama wamekula naye sahani moja?"

"Utamwona kwa macho yako," alisema Mabruki.

Jumatatu Mwanajuma akaenda. Karani wa mji aliitwa Tobias Lugembe, mtu mwembamba mwenye miwani na sauti ya chini. Nyuma ya meza yake lilisimama kabati jipya la mninga. Mwanajuma aliutambua mkono wa Selemani papo hapo.

"Karibu kiti, mayo," karani alisema, maana ndivyo Wanyamwezi wanavyomwita mama kwa heshima. "Nikusaidie nini?"

"Nataka kujua nani kafunga kisima chetu, na kwa faida ya nani."

Lugembe hakukasirika. "La kwanza limeandikwa, naweza kulitafuta. La pili utaliamua mwenyewe ukishasoma."

"Nisome mimi?"

"Wewe. Halmashauri ya mji ikikutana, mimi naandika yaliyosemwa na yaliyopitishwa. Barua inayoingia naiandika, inayotoka naiandika. Maandishi hayo si yangu. Ni ya mji, mimi nayatunza tu. Mkazi yeyote anaweza kuomba kuyaona. Asiyejua kusoma, namsomea."

Akampa karatasi. "Andika jina lako, la mumeo, na mtaa wako. Kisha andika unataka kujua jambo gani, na lilitokea lini. Usiandike kwamba unataka kila kitu. Makabati haya yamejaa. Ukitaja jambo moja na wakati wake, nitajua rafu ya kutazama."

Mwanajuma aliandika kwa muda mrefu. Jasho lilimtoka puani. Karani akaisoma, akaipiga mhuri, akaandika nambari katika daftari kubwa, akampa nambari ile ile kwenye kikaratasi.

"Njoo Ijumaa."

"Ijumaa? Leo si Jumatatu?"

"Faili la maji liko kwa bwana afya. Lazima lirudi kwanza."

Mwanajuma alirudi nyumbani amefura. Siku nne! Siku nne zinatosha kuficha faili. Zinatosha hata kuandika jingine.

"Hukumpa kitu," Josepha alimwambia. "Ndiyo maana."

Basi Ijumaa Mwanajuma alikwenda na chupa ya asali ya Ipole, ameifunga ndani ya kanga. Akaiweka mezani.

"Hii ni ya nini, mayo?"

"Ya kulainisha njia."

Lugembe akairudisha taratibu mpaka mbele yake. "Njia haina mawe. Nikipokea hii, kesho atakuja mtu asiye na asali, nami nitamwona mzigo. Ichukue."

Mwanajuma akaichukua, lakini roho yake haikutulia. Alijiambia, huenda Selemani kampa zaidi. Akalinyooshea kidole lile kabati.

"Na hilo nani kalitengeneza?"

"Selemani bin Abbasi. Mafundi watatu waliomba kazi hiyo, yeye akachaguliwa. Ukitaka kuziona karatasi zake nazo, nitakupa fomu nyingine."

Karani akafungua faili na kuligeuza upande wake. Ilikuwa taarifa ya bwana afya. Katikati ya ukurasa palikuwa na karatasi nyeupe iliyobanwa kwa pini.

"Hapo umefunika nini?" aliuliza Mwanajuma kwa ukali.

"Majina."

"Ndiyo! Hayo majina ndiyo niliyoyafuata!"

"Ni majina ya wagonjwa. Ungeugua wewe, ungependa mtaa mzima uje kusoma ugonjwa wako hapa?"

Mwanajuma akaitazama ile pini.

"Kazi yangu ni kuonyesha," aliendelea Lugembe, "lakini habari ya mwili wa mtu ni yake. Ninapofunika, lazima nikwambie nimefunika nini na kwa sababu gani. Ukiona nimekudhulumu, mwandikie mwenyekiti wa halmashauri. Anwani nitakupa mimi mwenyewe. Sasa soma."

Mwanajuma akaweka kidole juu ya mstari. Alisoma kwa sauti, neno baada ya neno.

"Watoto wanne wa mtaa huu wameugua homa ya matumbo. Maji ya kisima yamepimwa. Yana uchafu wa choo. Choo kilicho karibu kiko hatua kumi na mbili kutoka kisimani, upande wa juu wa mteremko. Mwenye choo ni..."

Kidole kikasimama.

"Mwenye choo ni Mabruki, fundi wa reli."

Nje mtu alipita akipiga kengele ya baiskeli.

"Angekuja mtu mwingine, jina hilo nalo ningelifunika," karani alisema polepole. "Lakini ni la nyumba yako. Una haki ya kulisoma."

Choo kile kilikuwa fahari yao. Mabruki alikichimba mwaka jana, akakimwagia sakafu ya saruji. Majirani walikuja kukitazama. Sasa Mwanajuma aliielewa ile kamba. Haikuwa ikipima karakana. Ilikuwa ikipima choo chake.

"Mbona hamkutwambia?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Lugembe akafungua daftari la barua. "Barua ilitoka wiki mbili kabla ya kufunga. Ilikwenda kwa mjumbe wenu wa nyumba kumi. Hii hapa sahihi yake."

Mwanajuma akatazama. "Anton! Anton alihamia Ipole wiki hiyo hiyo, kwenye kijiji kipya cha tumbaku."

Karani akavua miwani. "Basi barua imekwenda naye sandukuni. Niliona sahihi, nikaamini habari imewafika. Kumbe sahihi ni jambo moja, na habari ni jambo jingine. Nitamwandikia bwana afya leo."

Akachukua karatasi, akainakili barua yote kwa mkono wake, akaipiga mhuri. Ilisema choo kile kifukiwe. Kingine kichimbwe upande wa chini wa kisima, hatua hamsini au zaidi. Watu wachemshe maji ya kunywa. Choo kikishafukiwa, mji utaleta bomba mtaani.

"Bomba?"

"Limekwisha kupitishwa. Linangoja choo chenu tu, mayo."

Mwanajuma hakwenda kwake kwanza. Alikwenda kwa Selemani. Swaumu alikuwa mlangoni akipepeta mchele, na hakusimama.

"Swaumu, nimesoma faili la kisima."

"Umelipenda?"

"Niliwadhania ubaya. Nikausema kwa watu. Kuna majina ya watoto, yamefunikwa, lakini..."

"Moja nitakufunulia mimi," Swaumu alisema. "Ni Batuli wangu. Alilala hospitali siku kumi na nne. Hukujua, maana ulikuwa na vitumbua vyako, hukuniuliza nikitoka wala nikirudi. Daktari alimwambia baba yake akatoe habari mjini. Kweli, ni mume wangu aliyesababisha kisima kufungwa, na mbao mji ulimwagiza yeye."

Selemani alikuwa amesimama mlango wa karakana, randa mkononi.

"Mbona hukusema, kaka?" Mwanajuma alimwuliza.

"Ningesema nini? Kwamba choo cha Mabruki kimewatia watoto ugonjwa? Mtaa ungewatafuna. Niliona afadhali barua ya mji iseme, iseme kwa adabu. Barua haikuonekana, nami nikazidi kunyamaza. Hapo nilikosea."

"Nisameheni."

Selemani aliitikia kwa kichwa. Swaumu aliendelea kupepeta.

"Ulitembea mpaka mjini kuuliza habari zetu," alisema bila kuinua macho. "Mlango wangu huu hukuuona."

Mwanajuma aliikunja nakala ya barua, akaenda kwake.

Jioni watu wa mtaa walikusanyika mbele ya kisima. Mwanajuma akawasomea nakala yenye mhuri, tangu mstari wa kwanza. Alipofika kwenye choo cha mumewe hakuruka neno. Watu wakanong'ona. Mabruki alikuwa ameinama. Kisha akainuka, akaingia uani, akatoka na jembe.

"Kesho nafukia," alisema. "Anayeweza kunisaidia kuchimba kingine, aje."

Walikuja watu sita. Selemani naye alikuja, akiwa na mbao za mfuniko. Bwana afya akafika kupima hatua na kuwafundisha kina mama kuchemsha maji mpaka yatokote sawasawa. Josepha alizunguka nyumba kwa nyumba akisema kwamba lile neno la karakana lilikuwa la kinywa chake na halikuwa kweli.

Miezi miwili baadaye bomba lilifika. Mwanajuma akarudi stesheni na vitumbua vyake. Masika yakaja, mvua zikanyesha kwa nguvu, yakapita. Mtaa ule haukutoa mgonjwa hata mmoja wa homa ya matumbo.

Kwa muda wote huo Swaumu alijibu salamu za Mwanajuma, lakini hakusimama kuzungumza. Mwanajuma hakumlaumu. Alizidi kusalimia.

Asubuhi moja ya kiangazi mtu akabisha hodi. Alikuwa Swaumu, amejifunga kanga mpya.

"Nataka kwenda mjini kuuliza habari za kiwanja cha marehemu baba," alisema. "Kaka zangu kila mmoja ana neno lake. Wewe njia unaijua. Twende wote."

Wakaongozana. Njiani walizungumza habari za bei ya mchele na masomo ya Batuli, na kicheko cha Swaumu kilisikika mara moja, kisha mara ya pili.

Lugembe alipowaona mlangoni alivua miwani.

"Karibuni. Safari hii mnamtuhumu nani?"

"Hatumtuhumu mtu, ndugu karani," alisema Mwanajuma, akimvutia Swaumu kiti. "Tumekuja kuuliza."