Mdomo wa Manifodi

Asubuhi ile ni kitu kidogo tu kilichokwenda kombo, na laiti fundi angekitilia maanani. Mkewe alipuliza manifodi, na manifodi ikamvuta.

Fundi mwenyewe mtaa mzima ulimwita Sikio. Aliegemeza ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, akafumba macho, kisha akakutajia ugonjwa kabla hujamaliza kulalamika. Gereji yake ilikuwa uani kwake, imetenganishwa na jiko kwa ukuta mmoja wa matofali, na mkewe hakuchoka kuwaambia wateja kwamba alipoolewa hakuna aliyemwonya kuwa wake wenza wake watakuwa magari.

Wiki ile uani palikuwa na gari la mwalimu mstaafu, aliloachiwa na marehemu baba yake. Injini yake ilikuwa ya zamani sana, valvu zimelala ubavuni mwa silinda, na juu yake hedi mbili bapa kama vifuniko vya sufuria. Hedi zote mbili zilikuwa na nyufa. Mwalimu hakutaka kusikia habari ya injini nyingine. Ya kale ni dhahabu, alisema, akazunguka kwa wauza vyuma chakavu mpaka akapata hedi mbili za toleo la zamani zaidi, pamoja na manifodi yake, lile bomba linalokaa chini ya kabureta na kuigawia injini hewa.

Mdomo wa manifodi ulikuwa umezibwa kwa kitambaa cheupe chenye mafundo saba, kikamiminiwa nta juu. Sikio alitabasamu. Kila fundi huuziba mdomo ule kwa tambara ili nati isije ikadondokea ndani, na yeye akaona ni kazi ya fundi mwenzake, mtu mwangalifu kupita kiasi. Alikichomoa kitambaa, akakitupa kwenye moto wa taka.

Ili ajue kama manifodi ina ufa, aliipaka povu la sabuni, akayaziba matundu ya chini, akamwomba mkewe apulize. Mama wa watu jino lilikuwa likimsumbua tangu juzi, na alikuwa na karafuu shavuni. Alipuliza mara moja, halafu akarudi nyuma ameshika kifua.

"Imenivuta," alisema.

"Imekuvuta wapi? Chuma hicho, mke wangu."

"Nakwambia imenivuta. Kama mtoto anayenyonya."

Sikio alicheka. Mpaka leo kicheko kile kinamchoma.

Alizifunga hedi bila haraka, akakaza bolti za katikati kwanza na kutoka hapo kwenda pembeni, akaweka manifodi, akaweka kabureta. Adhuhuri mwalimu alikuja kusikiliza. Injini iliyolala miaka haiwaki kirahisi. Hukohoa, hugoma, hukutia aibu mbele ya mwenye gari. Hii iliwaka kabla kidole hakijatulia kwenye swichi, ikanguruma polepole, na mwalimu akafuta machozi. Moshi ulipowafikia ulikuwa ukinukia karafuu.

Sikio akaizima. Upande wa pili wa ukuta sufuria ikaanguka.

Walimkuta mkewe sakafuni, macho wazi, mdomo wazi, kifua kimetulia kama ubao. Sikio alimtikisa, akampulizia pumzi mdomoni, akamwita kwa kila jina alilowahi kumwita, na mwalimu, ambaye hakuwaza jingine ila hospitali, akakimbilia gari lile lile na kuliwasha, na injini iliponguruma tu mwanamke akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyeibuka kutoka ndani ya maji. Mwalimu akashukuru Mungu, akazima, akarudi mbio ili wasaidiane kumbeba, akamkuta kifua kimesimama tena. Wazee wale wawili wakatazamana. Sikio alikwenda kuliwasha mwenyewe, na tangu hapo injini haikuzimwa.

Daktari alikuja, akasikiliza kifua, akasema mgonjwa ni mzima kabisa ila anahitaji utulivu, kwa hiyo wamzimie gari hilo. Hakuna aliyeinuka.

Siku mbili Sikio hakutoka uani. Alimimina petroli huku injini inanguruma, aliongeza maji kwenye rejeta kwa kikombe, na injini ilipopanda kidogo mkewe alihema, ilipotulia alisinzia.

Siku ya tatu alimwita mganga, mama mfupi aliyekuwa pia mshonaji wa mtaa wa pili. Aliinama juu ya kabureta kwa muda mrefu, kisha akauliza kama manifodi ilikuwa na kizibo. Sikio akamweleza habari ya kitambaa na mafundo yake, na kwamba alikichoma. Mama yule akaketi juu ya tairi kuukuu.

"Jini aliyeiba pumzi nambana mpaka airudishe," alinong'ona. "Huyu hakuiba, baba. Amepewa, tena kwa mdomo. Nikimtoa, atatoka na alichopewa."

"Basi achukue yangu."

"Mpe. Kama atapokea."

Sikio aliinama juu ya mdomo wa kabureta, mahali ambapo injini yoyote inayowaka huvuta hewa mpaka karatasi hunasa, akapuliza, akapuliza tena, akapuliza mpaka masikio yakaziba, akiomba moyoni ivute, ivute tu, hata kidogo. Haikuvuta. Ilimpumulia usoni, pumzi ya vuguvugu yenye karafuu, pumzi ya aliyeshiba. Mshonaji akachukua mkoba wake akaondoka bila kuaga.

Siku ya nne mchana mkewe alimwita kwa sauti ndogo, akasema kuna kitu kinamgonga ndani. Sikio alipiga magoti kando ya kitanda, akaweka sikio kifuani pake. Hakusikia moyo. Alisikia valvu zikipanda na kushuka, zote, kwa mpangilio wake, na katikati yake moja ikigonga kwa mlio mkavu, na kabla hajaweza kujikataza alikwisha kuujua ugonjwa: valvu ya ekzosi, ile ya kutolea moshi, imeanza kuungua, imebakiza siku tatu, zikizidi sana nne. Ilikuwa kazi ya nusu siku. Alikwisha kuifanya mara mia: unazima injini, unafungua hedi, unaisaga valvu, unafunga.

"Ni nini?" mkewe akauliza. Alijua sikio lile halikosei.

"Hakuna kitu, mke wangu. Lala."

Kisha akanyanyuka, akaenda kuongeza petroli.