Mwenye Nywele Hizi

Raksha alishuka basi mtaa wa Edgbaston saa kumi na moja jioni, kwenda kumchukua binti yake Indu kwenye densi. Ulikuwa mwezi wa pili, mwaka wa sabini na mbili. Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walikuwa wamegoma na umeme ulikatwa kwa zamu, mtaa huu leo, mtaa ule kesho. Giza lilikuwa linaingia. Barabara nzima haikuwa na taa hata moja, na nyumba za matajiri zilikaa kimya nyuma ya miti yao.

Hakuogopa. Wivu haumpi mtu nafasi ya kuogopa.

Maana Raksha alikuwa na wivu, tusifichane. Tena si wivu wa mume. Hasmukh alikuwa mtu wa zamu ya usiku kiwandani, akirudi ni kula na kulala, nani angehangaika naye? Wivu wake ulikuwa juu ya Miss Olive, bibi wa Kizungu aliyemfundisha Indu baleti, ile densi ya kusimama juu ya ncha za vidole. Bibi huyo alicheza mwenyewe jukwaani enzi za jazi, miaka ile ya ishirini wanawake walipokata nywele na kufupisha magauni, na mavazi ya wakati ule alikuwa ameyatunza chumba kizima. Na sasa alimtaka Indu. Alikuwa ameomba mtoto akae kwake kabisa, amfunze kila siku mpaka aingie shule ya wachezaji huko London. Hasmukh kasema sawa. Indu mwenyewe, mtoto wa miaka tisa, karukaruka kwa furaha.

Raksha alizaliwa Mombasa, akaolewa Mombasa, kisha Mombasa ikamtoka. Hakuwa tayari kutokwa na kitu kingine.

Aliwakuta kwenye mwanga wa mishumaa. Indu kasimama juu ya stuli, amevaa gauni la hariri lisilo na kiuno, limejaa shanga na puluki, matamvua yakichezacheza magotini. Miss Olive kapiga magoti, pini mdomoni, anapima upindo. Wanacheka wote wawili. Nyumbani Indu alikuwa hacheki hivyo tena. Hata mafuta ya nazi ameyakataa, eti Miss Olive anasema yanachafua hariri. Na jina lake, alilopewa na bibi yake mzaa baba, Miss Olive alikuwa amelibadilisha bila kuomba ruhusa ya mtu. Alimwita Indi.

Raksha akalisogelea lile gauni. Akasema upindo huo ataushona yeye, yeye ni fundi cherehani tangu kwao. Miss Olive alilishika gauni muda mrefu kabla ya kuliachia. Mwishowe akalikunja na kulitia katika mkoba wa Indu.

Sasa, mtaani kwao Bordesley Green, nyumba ya tatu kutoka kwao, alikaa Bi Mwanamkasi, mwanamke wa Kibokoni, Mombasa, aliyeolewa na Myemeni wa kiwanda cha vyuma. Ndiye pekee aliyezungumza na Raksha kwa Kiswahili cha nyumbani, na watu walinong'ona kwamba mama yake alikuwa mganga. Raksha alimwendea na pakiti ya udi, maana mkono mtupu haulambwi. Bi Mwanamkasi hakutaka. Alimwambia mtoto kumpenda mwalimu wake si ugonjwa, avumilie. Raksha akalia mpaka mwenzake akalainika.

"Niletee nywele zake," alisema kwa sauti ya chini.

Raksha hakwenda mbali. Ndani ya mkoba wa densi mlikuwa na brashi, na kwenye brashi nywele nyeusi, ndefu. Akazichomoa, akampelekea. Bi Mwanamkasi alizisugua kati ya vidole, uso ukamkunjamana.

"Mbona kavu hivi? Nyinyi si watu wa mafuta?"

"Yule mzungu amemkataza."

Basi mama wa watu akazifunga katika kitambaa cheusi, akakaza fundo, akamweleza la kufanya. Aishone hirizi ndani ya upindo wa lile gauni analolipenda mtoto, na aseme maneno. Jina asilitaje. Majina huku hubadilishwa kama nguo, alisema, lakini nywele hazina uongo.

Jioni hiyo umeme ulikatwa upande wao. Raksha akawasha mshumaa, akashona. Alipofika mwisho wa upindo akainama, akanong'ona.

"Mwenye nywele hizi, mimi ndiye mama yako. Usinitoke."

Mshumaa ukalala upande... Upepo haukuwapo.

Kisha harufu. Poda ya waridi, ya zamani, kama sanduku lililofungwa miaka mingi.

Kesho yake dawa ikafanya kazi. Raksha alikuwa jikoni anakaanga bizari alipohisi kiganja kidogo kimeshika pindo la sari yake kwa nyuma, kama Indu alivyokuwa akifanya zamani. Moyo wake uliyeyuka, jamani. Hakugeuka. Alimsemesha polepole kwa Kigujarati, maneno yote matamu aliyokuwa ameyaweka akiba, kwamba alijua atarudi, kwamba mama hana mbadala. Kile kiganja kikazidi kukaza.

Chik... chik... chik...

Shanga.

Raksha akatazama dirishani. Indu alikuwa nje uani, anaruka kamba na watoto wa jirani.

Kiganja kilikuwa bado kimeshika.

Aligeuka kwa kishindo mpaka sufuria ikaanguka. Hapakuwa na mtu. Sari ilikuwa imekunjamana pale iliposhikwa, na pale palikuwa baridi.

Asubuhi iliyofuata Indu aliamka na mkwaruzo shavuni. Asubuhi nyingine tena msuko wake mmoja ulikuwa juu ya mto wa kulalia, umekatwa. Mama akamuuliza kwa ukali nani amefanya hivyo. Mtoto akajibu kwa Kiingereza, macho yakiwa sakafuni.

"Kuna msichana. Anasema nimelala mahali pake."

Raksha alichukua mkasi akafumua upindo. Kitambaa kilikuwamo, fundo limekaza vilevile. Ndani hamkuwa na kitu. Akakimbilia kwa Bi Mwanamkasi, naye alipokiona tu alirudi nyuma hatua moja.

"Imeitika," alisema. "Lakini aliyeitika si wako, mwanangu. Umemwita mwana wa mwenyewe. Mtoe Indu humo ndani leo, huyo hataki mwenzake."

"Nimpeleke wapi?"

Mahali palikuwa pamoja tu, na Raksha alipajua.

Hebu fikiria safari hiyo. Mama aliyeapa hatamwachia mtu mwanawe, sasa amebeba nguo zake zote, anampeleka kwa mikono yake mwenyewe kwa mwanamke anayemchukia kuliko wote duniani. Walifika kiza kikitanda. Miss Olive alifungua mlango na mshumaa mkononi. Indu alimbusu mama yake haraka haraka, akapanda ngazi mbio kwenda kukiona chumba chake. Hakutazama nyuma.

Raksha alirudisha gauni, akarudisha mkoba, akauliza ile brashi ni ya nani.

Miss Olive alisema ilikuwa ya Daphne. Binti yake. Gauni hilo alishonewa yeye, alichezee akiwa na miaka tisa, homa ya mapafu ikamwahi. Brashi aliitia mkobani mwa Indu iwe baraka tu, mtoto hakuwahi kuitumia. Kila jioni tangu mwaka ule, alisema, hukaa ngazini akamwita, na Daphne hajapata kuitika hata mara...

Hapo akashusha mshumaa.

Alikuwa anatazama nyuma ya Raksha. Chini, kwenye pindo la sari.

Akapiga magoti, akanyosha mkono. "Daphne," alinong'ona. "Njoo kwa mama."

Chik... chik... Sari ikavutwa, ikakazwa. Sauti ndogo ikasema kwa Kiingereza, na Raksha aliisikia wazi sikioni.

"Mama, twende zetu nyumbani. Simjui huyu."

Miss Olive aliinua macho. Raksha alikuwa ameishi na macho hayo, kila siku, ndani ya kioo chake mwenyewe. Ulikuwa wivu, ule wa kumfanya mtu aweze kuua.

"Nirudishie," alisema yule bibi.

"Nawe nirudishie wangu," alijibu Raksha.

Juu ghorofani Indu alikuwa anaimba. Hakuna kati ya wanawake wale aliyeweza kufanya alichoombwa, na wote wawili walilijua hilo.

Raksha akageuka, akaelekea kituoni katika giza. Hatua chache tu, mkono mdogo, baridi kama bomba la maji, ukaingia ndani ya mkono wake. Angeweza kuutupa. Angeweza kupiga kelele. Lakini nyumba aliyokuwa anairudia haikuwa na mtoto tena, na huyu walau alimtaka.

Raksha, Mungu amsamehe, akaufumbata.