Kondoo Mia Moja Themanini na Sita

Kila asubuhi Burul alisimama kwenye mlango wa zizi na kuhesabu kondoo wakitoka. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na tangu familia ilipohamia malisho ya kiangazi, juu kwenye milima ya Naryn, hakuwahi kukosea hata kondoo mmoja. Asubuhi moja aliambiwa pia amwangalie mdogo wake Bektur, mwenye miaka mitatu.

"Mia moja themanini na sita, Baba," alisema mwisho.

Kabla baba yake, Toktosun, hajajibu, walisikia mama akipiga kelele mtoni. Walimkuta amempakata Bektur. Mtoto alikuwa amelowa hadi kifuani, midomo imegeuka rangi.

"Nilitoka na kondoo," Bektur alisema huku akitetemeka. "Nilimpita dada."

Toktosun alimgeukia Burul. "Amepita mbele yako, ukamwacha aende mtoni?"

"Sikumwona, Baba."

"Mlango wenyewe upana wake hatua mbili tu! Kondoo wote uwaone, mtoto usimwone? Mwongo mkubwa wewe."

Burul akajibu, "Niadhibu, Baba, lakini sisemi uongo." Akaenda zake nyuma ya hema, na mchana kutwa hakugusa mkate wala maziwa.

Jioni kondoo waliporudi, mama yake, Sairagul, alisema, "Leo hesabu wewe, baba Burul. Huyu amekasirika."

Toktosun akahesabu, uso umekunjamana. "Mia moja themanini na sita. Wote wapo."

"Na tandiko la farasi wako liko wapi?"

"Si pale kwenye kigingi?"

Kigingi kilikuwa kitupu. Tandiko lilikuwa ndani ya zizi, limeegemezwa ukutani.

"Nimelibeba begani nikapita nalo katikati ya kondoo, mbele ya pua yako, ulipokuwa ukihesabu," Sairagul alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Je, na wewe ni mwongo?"

"Haiwezekani," Toktosun alifoka. Lakini alipomtazama Burul, hasira ikamwishia mdomoni.

"Nimekuonea, mwanangu," alisema. "Nisamehe."

Burul alisogea akaketi karibu na mkate.

"Akili ikishikwa na jambo moja," mama yake alisema, "macho hubaki wazi lakini hayaoni. Sisi ndio tuliokosea kwa kukupa kazi mbili kwa wakati mmoja. Siku nyingine ukiwa unahesabu, useme: mtoto ashikwe na mtu mwingine. Kondoo akipotea tutamtafuta. Bektur tulikuwa karibu kumzika."

Tangu siku hiyo, Burul alipohesabu, Bektur alikaa mabegani mwa baba yake.