Nguo ya Senene

"Fungua geti, Didas. Niko nje, jua linanichoma."

Didas aliposikia sauti ile kwenye simu, aliifunika kwa kiganja. Alikuwa ndani ya kibanda cha mlinzi pale Mbweni, sare ya bluu mwilini, kofia kichwani. Nyuma yake barazani, mwenye nyumba, Madamu Gladness, alikuwa akikunja vitambaa.

"Auleria, rudi nyumbani. Nakuomba."

"Nirudi na nimeshafika? Meseji yangu hujaiona?"

"Simu ilikuwa kwenye chaji. Rudi, waitu, mwenzangu. Jioni nitakuja Mabibo mwenyewe, nitakueleza."

"Utanieleza nini? Hebu fungua uone nilivyopendeza. Fundi amenikabidhi gauni leo asubuhi, nimelivaa hapo hapo kwake nikaja."

Didas alifumba macho. Alitamani ardhi ipasuke immeze, ila uwanja wa Mbweni umepigwa pevingi, haupasuki ovyo.

Chanzo cha balaa hili kilikuwa grupu la WhatsApp. Waliomaliza pamoja darasa la saba kule Kamachumu, sasa watu wa miaka hamsini na ushee, walikutana humo, na mchezo ukawa mmoja tu: nani amefika wapi. Jovina ana lodge Mwanza. Anastasia ni nesi mkuu. Auleria, mjane, ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko Mabibo. Na Didas je? Didas aliyekuwa namba moja kila muhula, Auleria akimfuata namba mbili huku akilia? Baba yake alifariki yeye akiwa kidato cha pili, masomo yakaishia hapo. Auleria alimwandikia barua tatu kutoka chuo cha ualimu. Didas alizisoma zote, hakujibu hata moja.

Basi kwenye grupu alituma picha amesimama kwenye baraza ya Madamu Gladness. Hakuandika neno. Watu waliandika wenyewe: "Bosi wa Mbweni!" "Namba moja ni namba moja tu!" Angeweza kusahihisha siku ile ile. Aliweka alama ya dole gumba, akanyamaza.

Mwezi wa kumi na moja Auleria alikuja kumtembelea. Madamu alikuwa Kanada kwa mwanawe. Didas alivaa shati lake moja la maana, akampokea barazani.

"Mlinzi nimempa ruhusa leo," alisema, na ulimi haukumkatika.

Auleria alifunua kikapu, akatoa chombo cha senene wa kukaanga, wale panzi watamu wa kwao, aliowachambua kwa mikono yake mwenyewe.

"Unajua nikikupa senene maana yake nini?"

Kila Mhaya wa kule kwao anajua. Mwanamke humpa senene mumewe, na mume hurudisha nguo. Asiporudisha, kamkataa.

"Najua," Didas alijibu, machozi yakimlengalenga. "Nitarudisha."

Angerudisha nini? Siku ya tatu, alipoingia ndani kufungua madirisha kama alivyoagizwa, aliona kabatini vitenge kumi na viwili, vyote vya ua moja. Akajiambia, vingi vile, kimoja kikipungua hakuna atakayejua. Akakichukua, akampelekea Auleria. Miaka thelathini mjini, na hajaalikwa hata kamati moja ya sendoff ya kumuaga bibi harusi! Hakujua kwamba vitenge vya ua moja ni sare, na sare huhesabiwa kwa vichwa.

Geti liligongwa. "Didas!" Madamu aliita kutoka barazani. "Nani anagonga? Fungua, watakuwa wageni wangu wa kamati."

Alifungua mlango mdogo wa geti, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi. Auleria aliingia kwa mwendo wake wa kukagua mistari ya wanafunzi. Gauni lilimkaa, ungedhani alizaliwa nalo.

"Habari za kazi, baba," alisema bila kumtazama, maana mlinzi hatazamwi usoni. "Bosi wako yupo?"

Angeweza kujibu hayupo. Neno lilifika mdomoni, likakataa kutoka.

"Auleria. Ni mie."

Mama wa watu akageuka. Akaitazama kofia, akaitazama sare, akacheka kidogo.

"Acha utani, Didas. Umevaa nini?"

"Nguo zangu za kazi."

Kicheko kilikauka. Kabla hajasema kitu, Madamu Gladness alikuwa ameshashuka ngazi, macho kwenye lile gauni.

"Samahani, dada yangu. Hicho kitenge umekipata wapi?"

"Nimepewa zawadi."

"Na nani?"

"Na mwenye nyumba hii," Auleria alijibu taratibu, akijisikia mwenyewe anavyosema.

"Mwenye nyumba hii ni mie. Mume wangu yuko kaburini mwaka wa sita. Huyo mwenye nyumba aliyekupa ni yupi?"

Auleria alimtazama Didas, naye Didas alitazama viatu vyake.

"Hicho ni sare ya sendoff ya binti yangu," Madamu aliendelea, sauti ikipanda. "Mama wakubwa na mama wadogo kumi na wawili. Tangu nirudi nahesabu, naona kumi na moja. Jana nimemfukuza Mwajabu, dada yangu wa usafi. Nimemwita mwizi mbele ya majirani, analia anaapa kwa Mungu wake!"

Auleria alimsogelea Didas.

"Ulikuwepo akifukuzwa?"

"Nilikuwepo."

"Ulisema nini?"

Didas aligeuza macho kwenye geti.

"Nakuuliza, Didas. Ulisema nini?"

"Nilimfungulia geti."

Mwalimu Auleria ameona mengi katika miaka yake ya chaki, lakini hilo lilimshinda. Alishika mdomo. Alipouachia, alizungumza kwa sauti ya chini, na Didas aliona heri angepigwa kofi.

"Ulinzi wako ningetembea nao mjini kote nikijisifu. Ungeniambia tu. Mie nilikuja kumtafuta Didas, sikuja kutafuta baraza. Lakini mtu anayemfungulia geti mwenzake aondoke na wizi wake yeye, huyo simjui."

"Nilitaka kukurudishia nguo. Niliogopa utadhani nimekukataa."

"Barua zangu tatu hukuzijibu, nikakusamehe. Ungenikawiza na nguo pia ningengoja." Akamgeukia mwenye nyumba. "Madamu, naomba unisitiri kwa khanga moja. Nguo yako ilishashonwa, lakini nitakuachia."

Waliingia ndani wote wawili. Auleria alipotoka alikuwa na khanga mbili za kuazima, moja kiunoni, nyingine mabegani. Alipita mlango mdogo bila kugeuka. Didas aliufunga.

"Sikupeleki polisi," Madamu alimwambia, "sendoff ni wiki ijayo, sitaki mikosi. Lakini kazi imekwisha. Na Mwajabu utamleta mwenyewe, useme kwa mdomo wako, mbele ya wale wale waliosikia nikimtukana."

Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama, lakini Didas hakuwa na pa kuchutamia. Alimkuta Mwajabu kwao Wazo, anafua uani, macho yamevimba. Alimweleza yote akiwa amesimama. Mwajabu alisikiliza, kisha akammwagia maji ya sabuni miguuni.

"Shikamoo yangu ya kila siku ulikuwa unaiitikia, baba. Leo hata hiyo naijutia. Mama yangu mgonjwa amelala bila kula, anasema kazaa mwizi."

"Twende nikakusafishe."

"Utanisafisha lakini uvundo wenyewe umeshanuka. Haya, tangulia, tena tembea mbele niwe nakuona."

Alisema. Pale Mbweni, mbele ya majirani sita na muuza genge, kofia mkononi, Didas alisema kila kitu, na Madamu akamwomba radhi Mwajabu palepale. Wengine walizomea. Jirani mmoja alitema mate chini.

Jioni ile, chumbani kwa rafiki aliyempa pa kulala, alifungua grupu. Kulikuwa na zogo la kawaida, Anastasia anapongezwa kwa gari jipya. Alibonyeza kitufe cha sauti.

"Ndugu zangu wa Kamachumu, mie si bosi. Ile nyumba nilikuwa mlinzi. Nimeiba nguo ya tajiri yangu nikampa Auleria, na binti wa watu akafukuzwa kwa wizi wangu, nami nikanyamaza. Namba moja mliyekuwa mnamsifu ndiye huyu. Nisameheni, na mkitaka kunitoa, nitoeni."

Alama za kusikilizwa ziliwaka moja baada ya nyingine. Dakika tano, kumi, ishirini. Hatimaye Jovina aliandika: "Didas umenitia aibu na umenipa nguvu. Ile lodge ya Mwanza ni ya shemeji yangu. Mie nafua mashuka."

Auleria hakuandika kitu. Siku hiyo hakuandika, wala kesho yake, wala wiki yote. Didas alibeba tofali huko Wazo mchana kutwa, simu ameifunga kiunoni, ikilia anatupa tofali. Ilikuwa bure. Alianza kusali isilie kabisa, maana kila ikilia na isiwe yeye, anakufa upya.

Jumapili ya pili, watu wametoka misani, yeye yuko kwenye tofali, ikalia.

"Mwajabu amerudi kazini?" Hakusalimia.

"Amerudi. Mie sipo tena pale."

"Uko wapi?"

"Wazo. Nabeba tofali."

"Barua zangu tatu, kwa nini hukujibu?"

"Niliona haya. Wewe ulikuwa chuo, mie nilikuwa nakata ndizi za watu."

"Haya hiyo imekula miaka yangu thelathini, Didas. Nikazaa, nikazika mume, bado najiuliza nilikukosea nini." Sauti yake ilikatika, ikarudi. "Halafu imetaka kula na hii michache iliyobaki."

Didas alilia bila kujificha, mwanaume mzima, wabeba tofali wenzake wakimtazama.

"Nyamaza unisikilize. Wale senene aliwala bosi wa Mbweni. Huyo simtaki, na nguo yake nimeivua. Mbeba tofali sijawahi kumkaribisha hata maji."

"Auleria..."

"Usiniletee nguo. Usiniletee kitu chochote. Jumamosi njoo Mabibo umevaa hizo hizo zenye vumbi, nikuone."

"Nakuja," alisema. "Nakuja hivi nilivyo."