Shemeji Alinibadilishia Seva, Wimbo wa Mama Shiru Ukaibwa

Nina miaka thelathini na sita na ninaendesha studio ndogo ya kurekodi kwaya hapa Bahati. Wasomaji wenzangu, hasira niliyonayo haijapoa, na sitaki ipoe!

Nyimbo zikiwa bado mbichi huwa ni faili kubwa, haziingii kwa WhatsApp. Kwa hivyo kompyuta yangu ilikuwa na seva, programu ndogo tu ya kupokea na kutuma faili. Kila kwaya ilikuwa na paswodi yake na folda yake, basi. Niliielewa yote.

Ndipo akaja Denno, mume wa dada yangu Ruth, fundi wa kompyuta mjini Nakuru. Aliiangalia akacheka. "Shem, hii ni ya kizamani. Wacha nikuwekee ya watu serious."

Nilisita. Ruth akanipigia simu, akalalamika kwamba ninamdharau mume wake. Ningefanyaje?

Denno aliniwekea seva yake kubwa. Menyu juu ya menyu! Nilipouliza zote ni za nini, alisema, "Wewe rekodi tu, hayo mengine niachie."

Baada ya hapo nilirekodi wimbo wa Mama Shiru, kiongozi wa kwaya ya akina mama. Aliutunga alipomzika mumewe. Walikuwa wakingoja kuuimba mara ya kwanza siku ya uzinduzi wa kwaya kanisani, hakuna mtu wa nje aliyekuwa ameusikia.

Siku moja nikiwa safarini nilisimama Salgaa, pale kando ya barabara kuu, kula chakula cha mchana... nikausikia kwenye spika ya hoteli! Mbele aliimba msichana nisiyemjua, lakini nyuma yake zilikuwa sauti za akina mama wangu. Chakula kilinishinda. Mhudumu aliniambia wimbo huo unavuma, na akanitajia studio iliyoutoa, mshindani wangu wa mjini.

Nilirudi mbio nikaipekua ile seva, ukurasa baada ya ukurasa. Nikapata! Kila faili iliyoingia humo, nakala yake ilijituma yenyewe kwa studio ile ile. Na aliyeiwasha kazi hiyo ni Denno, jina lake liko hapo.

Nilimpigia. "Shem, hiyo ni backup tu, nakala ya akiba," akasema.

Backup gani ya kuwekwa kwa mshindani wangu? Akakata simu.

Nilimwendea Mama Shiru nyumbani kwake, nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Eunice," akasema, "mimi huyo Denno simjui. Wimbo nilikupa wewe." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Kwaya zingine ziliniacha moja baada ya nyingine. Na Ruth, dada yangu wa tumbo moja, aliniambia ninamwonea mumewe wivu! Tulipokutana kwa mazishi ya shangazi, alinipita kana kwamba mimi ni nguzo ya stima.

Mimi na wachache walionibakia tulipiga kelele mpaka studio ile ikauondoa wimbo mtandaoni. Lakini ulikuwa umeshasambaa... Ile seva kubwa niliing'oa, nikarudisha ndogo yangu. Imebaki na folda mbili tu.

Nawasihi, msikubali mtu awawekee chombo msichokielewa, hata akiwa wa familia. Kama kinafanya mambo mia na nyinyi mnahitaji mawili, hayo mengine yanamfanyia nani kazi? Ulizeni! Akiwajibu "niachie mimi," mwonyesheni mlango.

Siku ya uzinduzi wa kwaya ilifika. Mama Shiru alisimama mbele ya kanisa, akaimba wimbo wa mtu mwingine.