Kazi ya Kupokea Simu Tu

Mama Cherehani alikuwa na ulimi mkali kuliko mkasi wake. Alishona magauni, alipunguza suruali, alibadilisha zipu, na yote hayo aliyafanya huku anazungumza. Jina hilo alipewa na wateja, naye hakulikataa. Chumba chake kilitazamana na karakana ya mumewe, fundi seremala. Katikati palikuwa na uchochoro, na mbao za mzee zilijaa humo mpaka mtu alipita ubavu ubavu.

Jambo moja tu lilimnyamazisha Mama Cherehani. Ni kuulizwa kazi ya binti yake.

"Binti yako mkubwa yuko wapi siku hizi?" mteja mmoja alimwuliza asubuhi hiyo, huku anapimwa kiuno.

"Yuko kazini. Huduma ya dharura."

"Ala! Anapanda ambulensi? Anatibu watu?"

"Hapana. Anapokea simu."

"Anapokea simu tu?"

"Simama wima," alisema Mama Cherehani. "Unanikosesha vipimo."

Kinyozi wa chumba cha pili alikuwa na masikio yasiyojua ukuta. Alidakia kutoka hukohuko aliko.

"Kazi ya kukaa kitini na kusema halo! Jamani, nitafutieni na mimi. Tena hao watu wa dharura nawajua. Mgonjwa anakata roho, wao wanakuuliza mtaa gani!"

"Afadhali angekuwa muuguzi," mteja alisema. "Kazi ya muuguzi inaonekana."

Mama Cherehani alicheka nao, lakini moyoni ilimchoma. Mtoto alisoma miaka yote ile, kumbe ni ili apokee simu? Hakuwahi kumwuliza binti yake huko kazini hasa anafanya nini. Aliona haya kuuliza.

Saa tano na nusu, mlio wa msumeno wa umeme ulikatika ghafla. Kisha alimsikia mumewe akiita, wala si kwa nguvu.

"Mama watoto. Hebu njoo."

Seremala alikuwa ameketi chini kwenye vumbi la mbao. Ameushika mkono wake wa kushoto, chini ya kiwiko. Damu ilipita katikati ya vidole vyake.

"Msumeno umeteleza," alisema.

"Mungu wangu!"

Mama Cherehani alichukua simu. Na hapo alifanya kosa ambalo jirani yake asingelifanya. Mtu mwingine angepiga namba ya dharura. Yeye alimpigia binti yake. Kwa nini ahangaike na mgeni, na mtoto wake mwenyewe yuko palepale? Mwenye ndugu ofisini hapangi foleni. Ndivyo alivyoamini.

Simu iliita mpaka ikakatika. Alipiga tena. Ikaita mpaka ikakatika.

"Pokea, mwanangu! Pokea!"

Kinyozi alikuja mbio. Nyuma yake alikuja mteja wake, nusu ya kichwa kimenyolewa, nusu bado.

"Mmwagie sukari kwenye jeraha!" alisema kinyozi.

"Mkimbizeni kwa teksi!" alisema nusu kichwa.

Mama Cherehani hakuwasikia. Alipiga mara ya sita, ya saba, ya nane. Midomo ya seremala ilianza kupauka. Alipiga mara ya kumi na moja. Kimya.

"Mama watoto," seremala alisema polepole, "piga ile namba ya watu wote."

Alipiga. Safari hii simu ilipokelewa mara moja.

"Njooni haraka! Mume wangu anakufa!" alipiga kelele, kisha akakata. Ndiyo desturi yake. Akishamaliza maneno yake mwenyewe, kwake simu imekwisha.

"Wanakuja," alisema.

"Wanakuja wapi?" aliuliza seremala.

Lo! Kabla hajajibu, simu iliita mkononi mwake. Ilikuwa sauti ya mwanamume, imetulia.

"Mama, umetupigia sasa hivi. Tafadhali usikate. Uko wapi?"

"Kwangu! Kila mtu anapajua kwangu!"

"Mimi sipajui, mama. Nisaidie. Mtaa gani, na karibu na nini?"

Aliutaja mtaa. "Nyuma ya kituo cha mafuta. Karakana ya seremala."

"Vizuri. Nini kimetokea?"

"Msumeno umemkata mkono, damu haikomi. Lakini tumeni gari kwanza! Maswali baadaye!"

"Gari limeshaondoka, mama. Mwenzangu amelituma wakati mimi naongea na wewe. Maswali yangu hayalicheleweshi."

Kinyozi, aliyekuwa ameinama karibu na simu, alisikia maneno hayo, akatazama viatu vyake.

"Sasa tufanye kazi, mimi na wewe," sauti iliendelea. "Weka simu kwa sauti ya juu, iache chini. Una kitambaa safi?"

Kitambaa! Kama kuna kitu alichokuwa nacho, ni hicho. Alikimbilia chumbani, akarudi na pamba nyeupe ya gauni la mteja.

"Kikunje. Kiweke juu ya jeraha. Bana kwa viganja vyote viwili, kwa nguvu."

"Anaumia!"

"Ataumia kidogo. Bana."

"Kimelowa damu. Nikitoe?"

"Usikitoe. Ongeza kingine juu yake, uendelee kubana. Usifunue kutazama."

"Kuna mtu hapa anataka kuweka sukari."

"Hapana, mama. Usiweke sukari, wala mafuta, wala unga. Mlaze chini, mfunike asipate baridi. Asile wala asinywe kitu. Huyo mwenye sukari ana miguu?"

"Anayo!" alijibu kinyozi mwenyewe.

"Basi nenda barabarani, kaka, ulipungie gari mkono. Na njia ya kuingia iko wazi?"

Wote walitazama uchochoro. Mbao! Kinyozi na nusu kichwa walizibeba mbilimbili na kuzitupa nje. Kisha kinyozi alikimbilia barabarani, akapunga kile kitambaa cheupe anachowavalisha wateja.

Mama Cherehani alibana. Hakuachia. Kila aliponyamaza, sauti ilimwambia, "Niko hapa, mama. Bana." Yule mtu hakuwa anamjua hata kwa sura, na bado hakumwacha.

Gari lilifika. Mhudumu wa ambulensi, mwanamke mwenye mabega mapana, alipiga magoti kwenye vumbi la mbao.

"Nani amebana hapa?"

"Mimi."

"Usiachie mpaka nikwambie." Alifunga bendeji ya kubana, kisha akamtazama. "Sasa achia. Umefanya vizuri sana. Mngemkimbiza kwa teksi bila kubana, tungekuwa tunazungumza mengine."

Jioni, hospitalini, seremala alikuwa amelala na nyuzi kumi na nne mkononi. Vidole vyote vilicheza. Binti aliingia akiwa bado na kitambulisho cha kazi shingoni. Alimshika baba yake mguu, akasimama pale.

Mama Cherehani hakungoja salamu.

"Nilikupigia mara kumi na moja!"

"Nimeona, mama. Simu zetu tunaziacha kwenye kabati mlangoni tukianza zamu. Kila mmoja wetu."

"Hata kwa baba yako?"

Binti alivuta kiti, akaketi.

"Mama, nilijua. Kila simu inayopokelewa, tunaiona wote kwenye kompyuta. Niliusoma mtaa wetu. Nikasoma, seremala, mkono, damu nyingi."

"Ulijua?" Sauti ya mama ilipanda. "Ukafanya nini?"

"Niliendelea. Nilikuwa na baba mmoja kwenye simu, yuko peke yake na mtoto mchanga. Mtoto amepaliwa, hapumui. Namwelekeza namna ya kumlaza kifudifudi mkononi na kumpiga mgongoni. Ningemwambia nini, mama? Subiri kidogo, na mimi nina baba?"

Mama Cherehani alilivuta shuka la mumewe, akalinyoosha. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini haikujua pa kwenda.

"Na huyo mtoto?" aliuliza mwishowe.

"Alilia. Aliyepaliwa akilia, ujue hewa imepita." Binti alijifuta uso. "Nikamaliza simu, nikaenda chooni, nikalia na mimi. Kisha nikarudi kitini."

"Mama watoto," seremala alisema kutoka kitandani, "mwache mtoto akae, amechoka."

Mama Cherehani alisogea, akamvuta binti yake kichwa, akakilaza begani kwake. Aliona aibu kwa ile "tu" ambayo aliwaachia watu waiseme miaka miwili mizima.

Wiki iliyofuata, binti alikuja siku ya mapumziko yake. Aliandika kwenye kadi kubwa, mama akaibandika ukutani juu ya cherehani. Ilisema: *Piga namba ya dharura. Sema uko wapi. Sema nini kimetokea. Usikate mpaka wakate wao.* Chini yake waliandika mtaa, na "nyuma ya kituo cha mafuta". Kinyozi aliomba yake. Mbao za mzee zilihamia nyuma ya karakana, baada ya manung'uniko ya siku tatu.

Mwezi haukwisha, mteja wa kinyozi alianguka kitini, kifua kinambana. Kinyozi alipiga namba, akautaja mtaa bila kuulizwa, na alijibu kila swali mpaka gari lilipofika. Yule mteja alipona. Alirudi kumaliziwa ndevu.

Siku moja mchana Mama Cherehani alimpigia binti yake, amwulize kama atakuja kula jioni. Simu iliita mpaka ikakatika. Aliiweka mezani, akaendelea kutia uzi kwenye sindano.

"Hapokei?" aliuliza kinyozi kutoka kwake.

"Anapokea," alisema Mama Cherehani. "Yuko na mtu mwingine."