Baba Mdogo wa Kukodi

"Shikamoo baba mdogo."

Mzee Benedikto aligeuka, akamwona Demetria, na nyanya aliyokuwa anaichagua ikamponyoka. Ilibingirika hadi chini ya meza ya muuzaji, wala hakuihangaikia.

"Marahaba, mwanangu."

"Mbona tuliambiwa umesharudi Malawi? Lusungu alisema alikusindikiza mwenyewe stendi."

Mzee alitazama huku na huku kama aliyefumaniwa. Huyu ndiye aliyefika kwa kina Demetria, Kimara, ndani ya suti ya kijivu, akajitambulisha kuwa baba mdogo wa mchumba wake, Lusungu, kutoka Lilongwe. Alichomekea Kinyanja kidogo, lugha ya huko, wajomba wakapiga makofi. Akatoa posa na blanketi la bibi. Leo yuko sokoni Buguruni na kandambili, kapu mkononi.

"Mie kwetu Mbamba Bay, upande huu wa ziwa, mwanangu. Naishi hapahapa Buguruni. Lusungu tulijuana kanisani, akaniomba nisimame badala ya ndugu zake. Hata ile suti aliirudisha alikoiazima."

Demetria alicheka. Masikini, alimwonea huruma mchumba wake.

"Si angesema tu? Mtu yuko ugenini, nani angemlaumu?"

"Ndugu anao." Mzee alitua kapu chini. "Alimpigia baba yake mdogo wa kweli anifundishe majina ya ukoo, akanipa simu. Yule mzee akakataa. Akasema, 'Huyu nilishamposea. Mkewe yuko hapa, ndiye anayenipikia. Siwezi kumposea tena.'"

"Na wewe ukaja kwetu."

"Nikaja. Lusungu aliniapia kwamba wameachana, eti mzee ni mkaidi tu. Nimekosa, mwanangu."

Kwenye simu ya Demetria ukaingia ujumbe wa Lusungu: "Mpenzi uko wapi? Mteja wa hoteli ya Kimbiji ameshafika. Njoo na muhuri."

Muhuri ulikuwa mkobani. Lusungu alikuja Dar kufungua ofisi ya kuchora ramani za majengo, lakini yeye mgeni, ramani zake zisingepita bila jina la msanifu mwenyeji aliyesajiliwa. Demetria alikuwa na usajili na muhuri, alichokosa ni kazi. Akampenda, akaichora hoteli nzima ya Kimbiji, mshahara hakuuliza. Nani anamdai mume mtarajiwa?

"Baba, twende wote Kinondoni."

Ofisini, Lusungu aliinuka na tabasamu. Kisha akamwona Mzee Benedikto mlangoni, na tabasamu likaishia hapo. Mteja, Bwana Edgar, alikuwa mezani na michoro imetandazwa mbele yake.

"Lusungu, mkeo anaitwa nani?"

"Demetria, tuongelee nje."

"Nimeuliza jina."

Lusungu alimtazama mzee, mzee akatazama sakafu.

"Chimwemwe," akasema. "Ningekuambia. Nilisubiri ofisi isimame kwanza."

"Si ungeniajiri tu? Ungesema, Demetria, mimi mgeni hapa, tufanye kazi pamoja. Ningekubali asubuhi hiyohiyo. Nilikuwa nashinda nyumbani natazama dari."

 Lusungu akasema maneno ambayo hata Bwana Edgar aliyaonea aibu.

"Mbia angetaka nusu ya ofisi. Mke hadai."

Iliuma. Iliuma kuliko habari za Chimwemwe, kwa sababu Chimwemwe angalau hakuposwa kwa ajili ya muhuri.

Demetria akautoa mkobani. Macho ya Lusungu yakaufuata muhuri, yeye hayakumfuata. Hapo ndipo alipomaliza kuelewa. Akaurudisha, akafunga zipu.

"Bwana Edgar, unisamehe. Hii ramani nimeichora mimi, na hapa haitagongwa muhuri."

Akatoka, Mzee Benedikto nyuma yake. Barabarani akampigia baba yake, akamweleza yote. 

"Basi vitu vyao virudi," baba akasema. "Baba yake mdogo ndiye aliyevileta, aje avichukue."

"Ninaye hapa, baba."

Kwa mbali akamsikia bibi anauliza, "Na blanketi?"

"Na blanketi, mama," baba akajibu.

Ujumbe ukaingia tena. Alitaka asiusome, akausoma.

"Nimekosa mpenzi. Mambo ya nyumbani tutaongea. Muhuri mpe bodaboda aulete, mteja anaondoka."

Demetria aliusoma tena, akitafuta pole. Haikuwemo. Akaanza kulia palepale kando ya barabara, wapita njia wanamtazama, na Mzee Benedikto amesimama pembeni yake na kapu lake la nyanya, asijue amesimama pale kama ndugu wa nani.